Kidole gumba kinaniuma baada ya miaka mitatu ya kukanda: je, kazi ya masaji ina umri mrefu?

Swali

"Shikamoo, mwalimu. Nina umri wa miaka 27 na ninafanya kazi ya masaji katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa tatu. Siku za kawaida ninakanda wateja wanne, lakini msimu ukichanganya hufika sita au saba. Kwa miezi mitatu sasa kidole gumba cha mkono wa kulia kinaniuma, hasa asubuhi, na wiki hizi hata kufungua kifuniko cha chupa ya maji kumekuwa kazi. Msimamizi wangu anasema mikono itazoea. Kinachonichanganya ni kwamba bibi yangu, kule Pangani, alikanda wazazi na wazee mpaka akapita miaka 70, na sikumsikia hata siku moja akilalamikia vidole. Je, mimi nina mwili dhaifu, au kazi hii haina umri mrefu? Mama yangu anataka niiache, na sababu yake si kidole peke yake."

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nianze na neno la msimamizi wako, kwa kuwa ndilo litakalokuumiza zaidi ukilifuata. Misuli huzoea kazi, na ngozi ya kiganja huzoea, lakini kiungo cha kidole gumba pamoja na kano zinazokizunguka havizoei kulemewa siku baada ya siku. Huvimba, na visipopumzishwa huharibika. Mwili wako si dhaifu. Nimekanda watu kwa miaka 22, na 11 ya mwisho nimeifanya huku nikifundisha, na nimeona vijana wenye mikono kama ya wavuta nyavu wakiacha kazi katika mwaka wao wa tatu au wa nne, ilhali wanawake wembamba wameendelea nayo mpaka wakapata wajukuu. Kazi hii ina umri mrefu. Namna unavyoifanya sasa ndiyo isiyo na umri, na naamini bibi yako alikwisha kukuonyesha namna nyingine, ingawa hakuna aliyewahi kumpa cheti.

Lakini kwanza tukiangalie kidole. Kwa mtu wa kazi yetu, maumivu ya upande huo wa mkono mara nyingi hutoka katika moja ya sehemu tatu. Ya kwanza ni zile kano mbili zinazokitanua kidole gumba, ambazo hupita ndani ya ala nyembamba kwenye kifundo cha mkono; ala hiyo ikivimba, kila mwendo wa kidole huwa ni msuguano. Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895, na dalili yake kubwa ni hii: ukikunja kidole gumba ndani ya ngumi kisha ukainamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho, unapata maumivu makali juu ya kifundo. Sehemu ya pili ni kiungo cha chini kabisa cha kidole gumba, pale kinapoungana na mifupa midogo ya kifundo; hicho huuma unapobana kitu, kama vile kuzungusha ufunguo au kufungua kifuniko, na maelezo yako yanakielekea zaidi hicho. Ya tatu ni neva inayopita katikati ya kifundo, ambayo ikibanwa huleta ganzi katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, mara nyingi usiku, huku kidole cha mwisho kikibaki salama. Nakueleza haya ili ujue la kumwambia daktari, si ili ujitibu. Nenda ukapimwe wiki hii. Jijini kwako ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na hospitali nyingi kubwa zina mtaalamu wa fiziotherapia anayeifahamu mikono vizuri. Mpaka utakapopata jibu, usiminye mtu kwa kidole gumba. Kukifunga bandeji na kuendelea kukanda vilevile ni kujidanganya. Najua, kwa sababu nilifanya hivyo katika mwaka wangu wa nne, katika hoteli ambayo sitaitaja, na nililipa kwa miezi mitano ya kukaa nyumbani bila mshahara.

Kwa nini kidole hicho na si kingine? Kidole gumba kiliumbwa kushika, na kiungo chake cha chini kimeachiwa uhuru mkubwa wa kuzunguka, uhuru ambao gharama yake ni uimara. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Cooney na Chao, walikokotoa kwamba mtu anapobana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1 tu, mzigo unaofika kwenye kiungo hicho cha chini ni takribani kilo 12. Sasa fikiria mgongo wa mteja mwenye kilo 100 anayekuambia "kaza zaidi", halafu uzidishe kwa dakika 60, halafu kwa wateja sita. Hakuna cha kuzoea hapo.

Sasa bibi. Sijapata kumwona, lakini nimewaona wakandaji wa pwani ya Tanga na wa Unguja wakifanya kazi, na kama alikanda kama wao, basi hakuwahi kukitegemea kidole gumba hata kidogo. Mzazi hulazwa juu ya mkeka. Kwanza anakandwa kwa maji ya moto na kitambaa, na joto hilo huilegeza misuli kabla mkono haujaanza kazi yake. Kisha yanakuja mafuta ya nazi au ya ufuta, na mkono unaopita ni kiganja kizima, hasa ile sehemu nene ya chini yake iliyo jirani na kifundo. Mkandaji amepiga magoti au amekaa kitako, na anapotaka kukaza haongezi nguvu za vidole bali analalia mkono wake, kiwiliwili chote kikishuka juu ya mkono ulionyooka. Halafu, na hili ndilo jambo tunalolisahau tunapowasifu wazee, bibi yako hakuwa na wateja sita kwa siku. Alikuwa na mzazi mmoja mtaani, ambaye alimkanda ndani ya zile siku arobaini za uzazi, labda na mzee mmoja mwenye mgongo, na alipochoka alisema amechoka, na hakuna aliyemkata kamisheni.

Linganisha na orodha ya huduma za hoteli yako. Bila shaka ina masaji ya Kiswidi, ya Kithai, ya kina, ya mawe ya moto na ya wajawazito, zote kwa jozi moja ya mikono. Mitindo hiyo haikuzaliwa pamoja. Huu tunaouita wa Kiswidi umefungwa na jina la Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, lakini utaratibu wa mapigo tuliofundishwa darasani, ule wa kupapasa kwa mkono mrefu, kukanda kama unga, kusugua na kupigapiga, ulienezwa na daktari wa Kiholanzi Johann Georg Mezger, na mapigo hayo bado yana majina ya Kifaransa. Katika mapigo hayo, kazi kubwa ni ya viganja. Masaji ya Kithai kweli hutumia vidole gumba sana, lakini hufanyika chini, juu ya godoro, mkandaji akiwa juu ya mteja na viwiko vimenyooka, na hutumia pia magoti, nyayo na vigasha. UNESCO iliitambua mwaka 2019 kuwa urithi wa binadamu, na atakayewatazama wakandaji wa shule ya hekalu la Wat Pho mjini Bangkok ataona kwamba mwili mzima ndio unaofanya kazi. Sisi tumechukua kidole gumba cha Kithai, tukakipandisha juu ya kitanda kirefu cha Kiswidi, na mkandaji akabaki anasukuma kwa mabega akiwa amesimama wima. Mchanganyiko huo ndio unaovunja watu, na sijui kwa nini vyuo vyetu vingi haviusemi.

Kwa hiyo anza na kitanda. Simama kando yake, mikono ikining'inia, na ukunje ngumi: kwa kazi ya kawaida juu ya kitanda inapaswa kufika usawa wa vifundo vya ngumi, na kwa kazi ya kukaza ishuke chini kidogo ya hapo. Vitanda vingi vya hotelini huachwa katika kimo alichokipenda mkandaji aliyetangulia, au, vibaya zaidi, katika kimo kinachopendeza kwenye picha. Kwa miaka miwili nilifanya kazi kwenye kitanda kilichokuwa kirefu kwangu kwa sentimita kama kumi, nikidhani maumivu ya shingo yangu yanatokana na mto wa kulalia. Kama kitanda hakishuki, tafuta kibao imara cha kusimamia.

Baada ya kitanda ni miguu. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, goti la mbele limekunjwa kidogo, na nguvu itoke kwenye kisigino cha nyuma, ipande kiunoni, ishuke begani mpaka mkononi, huku kiwiko na kifundo cha mkono vikiwa vimenyooka bila kukakamaa. Ukiona unahitaji kukunja uso ili kukaza, umesimama vibaya. Mgongoni, kazi yote ya kina uifanye kwa kigasha, yaani ile nyama iliyo chini ya kiwiko. Kina upana wa kutosha, hakina viungo vidogo vya kuharibika, na mteja hupenda zaidi uzito wake uliotulia kuliko ncha ya kidole inayochoma. Ngumi iliyolegea inafaa kwa mapaja na nyayo. Ncha ya kiwiko itumie pale tu misuli ilipo minene, nayo iende polepole kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, na isikaribie uti wa mgongo wala figo. Kidole gumba kibakizwe kwa kutafuta, kwa maana ya kuhisi mahali palipokaza, na ukilipata fundo la misuli, kazi ya kulilegeza ukiachie kigasha. Pale ambapo hakuna namna ila kukitumia, kama kwenye shingo, kiegemezwe na mkono wa pili juu yake na kisipinde kinyume.

Utaona katika wiki mbili za mwanzo unafanya kazi vibaya, na huenda mteja mmoja au wawili wakauliza kwa nini umebadilika. Vumilia.

Kuhusu idadi ya wateja, nitasema wazi ninavyoamini baada ya miaka hii yote: saa nne za mikono juu ya mwili kwa siku ni kazi kamili, saa tano ni siku ngumu, na anayefanya saba siku mbili mfululizo anatumia mikono ya mwaka kesho. Najua kamisheni na bahashishi vinavyokuvuta, na najua msimamizi naye ana chumba cha kujaza. Usiende kwake na malalamiko. Nenda na ratiba. Mwambie kwamba masaji ya kina mbili zisifuatane, na kati yake iwekwe kazi ya uso, ya miguu, au singo. Singo yenyewe, ile ya mlangilangi, asumini, waridi, karafuu na liwa, hupakwa na kusuguliwa kwa kiganja bila kukaza, wageni huipenda kwa sababu hawaipati kwao, na kwa mkono wako ni kama kivuli cha mwembe mchana. Dakika 15 kati ya mteja na mteja ni za kubadilisha shuka, kunywa maji na kunyoosha mikono, na zisihesabiwe kuwa uvivu. Sheria nayo iko upande wako kwa kiasi fulani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya angalau dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Tena, daktari akithibitisha kwamba maumivu haya yametokana na kazi, omba athibitishe kwa maandishi na umjulishe mwajiri wako kwa maandishi pia, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unashughulikia magonjwa yatokanayo na kazi sawasawa na ajali, na michango yake hutolewa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako.

Lipo neno jingine ambalo ni lazima ulimi wako ulizoee, nalo ni "hapana". Mteja anayesema "kaza" kila baada ya dakika mbili hana maana kwamba misuli yake inahitaji nguvu zaidi. Mara nyingi amefundishwa kuamini kwamba masaji isiyouma haijafanya kazi. Misuli inayoumizwa hujikaza kujilinda, na kesho yake mteja huamka na alama za bluu. Punguza kasi badala ya kuongeza nguvu, tulia mahali pamoja kwa pumzi tatu au nne, na wengi wataacha kudai. Asiyeacha, mwambie kwa heshima kwamba hapo ndipo mwisho wako.

Hapana nyingine ni ya afya. Hoteli za Dar es Salaam hupokea wageni waliokaa saa nane au kumi hewani, na wengi wao huagiza masaji jioni ileile. Safari ndefu ya ndege, yenye urefu wa saa nne au zaidi, huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mshipa wa ndani wa mguu. Ukiona shavu moja la mguu limevimba kuliko jingine, lina joto na linauma, usiliguse, wala usifanye masaji yoyote. Mwelekeze kwa daktari usiku huohuo, kwa kuwa bonge hilo la damu linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Mwenye homa naye aahirishiwe, kwa kuwa anayehitaji katika nchi yenye malaria ni kipimo cha damu, si mafuta. Mjamzito wa miezi ya mwisho alazwe ubavu, kwa kuwa akilala chali kwa muda mrefu tumbo hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Maswali matano kabla mteja hajavua shati yatakuepusha na mengi, nayo pia hukupumzisha dakika tatu.

Nimefika kwa mama yako, ambaye hukuitaja sababu yake lakini nadhani naijua, kwa kuwa mama yangu mwenyewe aliwaambia majirani kwa miaka kadhaa kwamba nafanya kazi hospitalini. Neno masaji limechafuliwa na nyumba zinazolitumia kama pazia. Jambo hili si la kwetu peke yetu wala si la leo. Mwaka 1894 jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha habari za nyumba za London zilizofanya ukahaba kwa jina la masaji, na wanawake waliokuwa wakikanda wagonjwa kwa halali wakajikuta wametiwa kapu moja na wengine. Mwaka huohuo wauguzi wanne, Rosalind Paget, Lucy Robinson, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mitihani na masharti makali: kukanda kwa maelekezo ya daktari, kutojitangaza ila katika majarida ya tiba, kutokanda wanaume masaji ya mwili mzima. Baadhi ya masharti hayo leo yanachekesha, lakini chama kile ndicho kilichokua kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza, ambacho kipo mpaka sasa.

Wewe huna haja ya kuunda chama ili ulindwe. Shuka imfunike mteja muda wote isipokuwa sehemu unayoikanda. Maelezo ya huduma yatolewe mapokezini, kwa sauti ya kawaida, kabla ya kuingia chumbani. Mteja akitamka lisilofaa mara moja, mwonye kwa sentensi moja isiyo na tabasamu. Akirudia, weka taulo juu yake, toka, na mlango uuache wazi. Muulize msimamizi wako leo, kabla halijatokea, hoteli itafanya nini siku hiyo, na kama jibu lake ni kwamba mteja ni mfalme, anza kutafuta hoteli nyingine hata kama kidole chako kitapona. Mama akikuona unakataa, na akakuona unakwenda darasani, nadhani neno lake litalegea.

Maana darasani utarudi. Mkono wa miaka 27 haupaswi kuwa ndio mtaji wako pekee ukifika 45. Wapo wanaohamia kwa wachezaji wa timu, wapo wanaofundisha, na wenye masomo ya sayansi wanaweza kuomba nafasi ya kusomea fiziotherapia, kama pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, na huko watakuta kwamba miaka yao ya kugusa miili ya watu imewapa jambo ambalo wenzao wanaanza kulitafuta. Lakini hayo ni ya baada ya kidole kupona, na bila shaka daktari atakuambia kwamba kupona kwenyewe ni kwa wiki, si kwa siku.

Utakapopata likizo, nenda Pangani. Kama bibi bado ana nguvu kidogo, mwombe akukande mgongo, hata kwa robo saa. Lala kifudifudi, fumba macho, na uhesabu ni mara ngapi unahisi kidole gumba chake.